Kompyuta Huyu na Kompyuta Hii

Sisi walimu wa lugha tumeshindana sana juu ya jina la mashine hii. Wako wanaolishikilia neno tarakilishi, ambalo limekwisha kuota mizizi katika vitabu vya shule vya Kenya, na ambalo ndani yake sikio husikia tarakimu na akili. Wako waliowahi kutuletea ngamizi, neno lisiloweza kutajwa darasani bila ya kicheko, maana watoto husikia maangamizi. Walio wengi, wakiwamo wale wanaozitumia mashine zenyewe toka asubuhi hadi jioni, husema kompyuta, na shauri limekwisha. Sina nia ya kuufufua ugomvi huo katika kurasa hizi. Nataka kuuliza jambo jingine, ambalo walimu wa sarufi huenda wakaliona kuwa ni lao hasa: neno hilo tuliloliazima, lilipokuwa kwa wenyewe, lingaliingia katika ngeli gani?

Lingaliingia katika ngeli ya watu. Tangu karne ya 17 hadi katikati ya karne ya 20, Mwingereza aliposema kompyuta alikuwa na maana ya mtu mwenye kazi ya kukokotoa hesabu, kama sisi tusemavyo karani, seremala au nahodha. Kompyuta alikuwa na kiti, kalamu ya wino, karatasi yenye mistari, na ujira wake. Aliugua, aliolewa, alikosea, alizeeka. Lau neno hilo lingalitufikia mwaka 1900, tungalisema kompyuta huyu na kompyuta hawa pasipo shaka yoyote. Lilitufikia baada ya mtu kuinuka kitini na mashine kuwekwa mahali pake, na kwa hiyo tukasema kompyuta hii. Kiingereza, kwa kuwa hakina upatanisho wa ngeli kama wetu, kilimwondoa mtu na kuiingiza mashine bila ya neno lenyewe kubadilika hata herufi moja, na watu wengi wakasahau kwamba paliwahi kuwa na mtu.

Nimeandika haya kwa sababu ya mazungumzo aliyoyatoa mzazi mmoja shuleni kwetu. Hapa Uganda, kama kwingineko, shule nyingi zina desturi ya kuwaalika wazazi waje kuwaeleza watoto habari za kazi zao: leo muuguzi, kesho mwanasheria, siku nyingine mkulima wa kahawa. Mama huyo ana mtoto katika kidato cha pili, na kazi yake ni kutunga programu za kompyuta katika ofisi moja mjini Kampala. Kwa kuwa alisoma Nairobi, na Kiswahili anakimudu barabara, tulimpa kipindi changu. Wanafunzi walikaa tayari kusikia habari za mishahara na simu za bei kubwa. Mama akachukua chaki, akamchora mwanamke aliyeketi mezani mbele ya rundo la karatasi, kisha akasema, "Huyu ni kompyuta." Darasa zima likamsahihisha kwa sauti moja: "Hii ni kompyuta, Mama!" Akatabasamu, akaanza kusimulia.

Yafuatayo yametokana na masimulizi yake, nami nimeyaongezea niliyoyasoma mwenyewe. Sitaanza na mfupa wa Ishango, uliochimbuliwa mwaka 1950 upande wa Kongo, karibu na mahali Mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, ingawa walimu wenzangu wa hisabati hawapendi historia yoyote ya hesabu iuache nje. Chale zilizochanjwa juu yake wataalamu wangali wanabishania maana yake. Nitaanza na watu ambao majina yao tunayo.

Katika miaka ya 1757 na 1758, huko Paris, mwanahisabati Alexis Clairaut alitaka kujua ni lini hasa nyota mkia ya Halley ingeonekana tena. Kanuni za Newton zilikuwa zinajulikana. Lililokuwa gumu ni kwamba sayari kubwa, Mushtara na Zohali, huivuta nyota hiyo huku na huku katika safari yake, na mvuto huo hauna budi kukokotolewa hatua kwa hatua. Clairaut akaigawa kazi na watu wawili, Jérôme Lalande na mwanamke mmoja, Nicole-Reine Lepaute. Watatu hao walikokotoa kwa miezi mingi, na Novemba 1758 wakatangaza kwamba nyota ingelikaribia jua katikati ya Aprili 1759. Ililikaribia tarehe 13 Machi. Kwa safari ya miaka zaidi ya 75, kukosea kwa mwezi mmoja tu ni jambo la kustaajabisha. Lalande alikiri waziwazi kwamba bila ya Bibi Lepaute wasingalithubutu kuianza kazi hiyo. Clairaut, alipokuja kuandika kitabu chake, hakulitaja jina la bibi huyo. Namwomba msomaji alishike jambo hilo, kwa kuwa litajirudia.

Waingereza nao, tangu kilipoanza kutolewa kitabu chao cha mabaharia cha mwaka 1767, waliwaajiri kompyuta waliokaa majumbani mwao vijijini, wakiletewa kazi kwa posta. Wawili walikokotoa hesabu ileile kila mmoja peke yake, wa tatu akalinganisha majibu. Mmoja wao, Mary Edwards wa mji wa Ludlow, aliifanya kazi hiyo kwa miaka mingi huku malipo yakiandikwa kwa jina la mumewe. Mume alipofariki mwaka 1784 ndipo ikambidi aeleze kwamba mkokotozi alikuwa yeye, na aombe aendelee kupewa kazi.

Habari za Charles Babbage hujulikana zaidi, nami nitazipita haraka. Alichoshwa na makosa yaliyojaa katika majedwali ya hesabu yaliyotungwa na wanadamu, akaanza katika miaka ya 1820 kubuni mtambo wa magurudumu ya meno ambao ungeikokotoa hesabu na kuipiga chapa wenyewe. Serikali ilimpa fedha nyingi, kisha ikachoka. Mtambo wake mkubwa haukukamilika. Lakini mwaka 1843 Ada Lovelace alitafsiri kutoka Kifaransa makala juu ya mtambo wake wa pili, akaongeza maelezo yake mwenyewe marefu kuliko makala yenyewe, na ndani yake akaonyesha hatua ambazo mtambo huo ungezifuata ili kukokotoa hesabu ngumu. Wako wanaomwita mtunga programu wa kwanza, na wako wanaolikataa jina hilo. Kwangu mimi mwalimu wa lugha lililo tamu ni hili, kwamba kazi hiyo ilianza kama tafsiri.

Wakati magurudumu ya Babbage yakipata kutu, kompyuta wa mwili na damu waliongezeka. Katika chuo kikuu cha Harvard, mkuu wa nyumba ya kutazamia nyota, Edward Pickering, aliajiri wanawake wengi wazichunguze picha za anga zilizopigwa juu ya vioo. Ujira wao ulikuwa senti 25 kwa saa au zaidi kidogo. Mmoja wao, Williamina Fleming, aliwahi kuwa mwalimu kwao Uskoti kabla ya mumewe kumtupa ugenini akiwa mjamzito. Alianza kwa Pickering kama mtumishi wa nyumbani, akaishia kuwaongoza wakokotozi wenzake na kuorodhesha nyota zaidi ya 10,000. Mwenzake Henrietta Leavitt, ambaye masikio yake yalikuwa mazito, aligundua kwamba nyota za aina fulani zinazofifia na kung'aa kwa zamu hufuata kanuni: kadiri nyota inavyokawia kufifia na kung'aa tena, ndivyo mwanga wake halisi ulivyo mkubwa. Kwa kanuni hiyo, iliyotolewa mwaka 1912, binadamu walipata kamba ya kupimia umbali wa mbinguni. Waraka wenyewe ulitoka na sahihi ya Pickering, ukisema tu kwamba umetayarishwa na Bi Leavitt.

Sasa tumefika mahali ambapo huyu alianza kuwa hii.

Mwaka 1942, Marekani ikiwa vitani, jeshi lake lilitangaza gazetini mjini Philadelphia kwamba linawatafuta wanawake wenye shahada ya hisabati. Aliyeliona tangazo hilo alikuwa msichana aliyekuwa ametoka tu chuoni, jina lake Kathleen McNulty. Hapa naomba nisimame kidogo. Msichana huyo alizaliwa mwaka 1921 katika jimbo la Donegal, Ireland, katika nyumba iliyozungumza lugha ya Kiayalandi. Alipofika Marekani akiwa mtoto wa miaka mitatu hakujua Kiingereza hata neno moja. Kila mwalimu aliyewahi kumpokea darasani mtoto wa Kikonjo, wa Kilugbara au wa Kinyarwanda asiyejua lugha ya shule, na akasikia wengine wakisema kwamba mtoto huyo ni mzito wa akili, atanielewa ni kwa nini nimelitaja jambo hilo.

McNulty na mwenzake Frances Bilas wakaajiriwa kuwa kompyuta. Ndilo lililokuwa jina la cheo chao. Mshahara ulikuwa dola 1,620 kwa mwaka, na daraja lao liliandikwa kuwa ni la chini ya wataalamu. Kazi ilikuwa kukokotoa njia ambayo kombora la mzinga hupita hewani, ili askari wapewe majedwali ya kulengea shabaha. Upepo, joto, uzito wa hewa, pembe ya mzinga, vyote vilitiwa katika hesabu. Njia ya kombora moja ilimchukua kompyuta mmoja, mwenye mashine ndogo ya mezani ya kujumlishia na kuzidishia, saa 30 hadi 40. Jedwali moja lilihitaji njia za namna hiyo kwa mamia. Mizinga ilikuwa inatoka viwandani haraka kuliko majedwali yake.

Basi katika chuo kikuu cha Pennsylvania, John Mauchly na Presper Eckert wakaanza mwaka 1943 kujenga mtambo wa umeme ulioitwa ENIAC. Ulikuwa na valvu karibu 18,000, ulijaza ukumbi mzima, na uzito wake ulikaribia tani 30. Uliweza kuikokotoa njia ya kombora kwa muda usiofika dakika moja, yaani kabla kombora lenyewe halijaanguka. Lakini mtambo huo haukujua lolote. Ulipaswa kuelekezwa hatua kwa hatua kwa kuchomeka mamia ya nyaya na kugeuza maelfu ya swichi, na hapakuwa na kitabu kilichoeleza namna ya kufanya hivyo. Mwaka 1945 wakachaguliwa wanawake sita miongoni mwa kompyuta waliokuwapo: Kathleen McNulty, Frances Bilas, Betty Jean Jennings, Elizabeth Snyder, Marlyn Wescoff na Ruth Lichterman. Mwanzoni hawakuruhusiwa hata kuingia katika ukumbi wa mtambo, kwa kuwa ulikuwa siri ya jeshi; walipewa michoro ya nyaya, wakaambiwa wajifunze. Wakajifunza. Walipoona sehemu fulani haieleweki walikwenda kuwauliza wahandisi, na hatimaye wakaujua mtambo huo hadi kufikia kutambua ni valvu ipi iliyoungua.

Yafaa tuseme bila ya kuficha kwamba hesabu ya kwanza kubwa iliyotiwa katika ENIAC, mwishoni mwa mwaka 1945, ilihusu bomu la haidrojeni. Mama yule aliwaambia wanafunzi jambo hilo wazi, nami nilimheshimu kwa hilo.

Februari 1946 mtambo ulionyeshwa hadharani. Hesabu iliyowashangaza wageni siku ya maonyesho ilitayarishwa na Jennings na Snyder. Magazeti yakasifu ubongo wa umeme na mabwana walioujenga. Usiku kukawa na karamu. Wanawake hao, kama alivyosimulia Jennings uzeeni, hawakualikwa, wakarudi makwao katika baridi ya Februari. Miaka karibu 40 baadaye, katika miaka ya 1980, mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, Kathy Kleiman, aliziona picha za ENIAC zenye wanawake wasiotajwa majina. Alipouliza ni akina nani, aliambiwa kwamba ni warembo waliosimamishwa pale kuipamba picha. Hakuridhika, akawatafuta. Mwaka 1997 wote sita wakapewa heshima ya hadhara kwa kazi yao. Wengine walikwisha kuwa bibi vizee, na mmoja, Ruth Lichterman, alikwisha kufariki.

Nilipolisikia hilo nilikumbuka jina la Bibi Lepaute.

Katika kipindi kile kulikuwa na mwanafunzi mmoja wa kiume, mdadisi sana, aliyeinua mkono na kuuliza: "Mama, kwa nini kompyuta haijui Kiswahili?" Wenzake wakacheka, lakini swali lake lilikuwa la maana kuliko alivyodhani. Maagizo ya mashine, kwa yeyote anayejifunza kutunga programu, yameandikwa kwa maneno ya Kiingereza, na mtoto huamini kwamba mashine ni Mwingereza. Mama akajibu kwa kisa cha Grace Hopper.

Hopper alizaliwa mwaka 1906, akapata shahada ya udaktari wa hisabati mwaka 1934, akafundisha chuoni, kisha wakati wa vita akaingia jeshi la majini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliona kuwa ni upotevu wa akili kumtaka binadamu amwandikie mtambo mistari ya tarakimu tupu. Akatunga programu ya kuupa mtambo wenyewe kazi ya kuyageuza maandishi ya mtu yawe tarakimu. Kwa lugha nyingine, alimpa mkalimani. Baadaye akataka watu waandike kwa maneno ya kawaida ya ofisini: linganisha, hamisha, simama. Ili kuwaonyesha wakubwa wake jinsi jambo lilivyo jepesi, alichukua programu yake ndogo ya Kiingereza, akaweka badala yake maneno ya Kifaransa, kisha ya Kijerumani, na mtambo ukafanya kazi ileile bila ya taabu yoyote. Wakubwa walishtuka. Waliona dhahiri kwamba mtambo uliojengwa Philadelphia hauwezi hata kidogo kufahamu Kifaransa! Hopper mwenyewe alikisimulia kisa hicho mwaka 1978 kwa kicheko, akaeleza kwamba ilimchukua muda mrefu kuwatuliza, na tangu hapo hawakuzungumzia tena lugha nyingine. Kazi yake hiyo ndiyo iliyozaa lugha ya programu iitwayo COBOL, iliyobuniwa mwaka 1959 na 1960, na ambayo hata sasa inaendesha hesabu za mabenki mengi.

"Kwa hiyo," mama akamwambia kijana, "Kiingereza nacho mashine haikijui, mwanangu. Inajua umeme upo au haupo. Maneno ni vibandiko vyetu sisi."

Kwa mwalimu wa Kiswahili hapa Uganda, ambako baraza la mawaziri liliagiza Julai 2022 kwamba lugha hii iwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari, na ambako wazazi wangali wanatuuliza mtoto atapata kazi gani kwa Kiswahili, jibu hilo lina thamani kubwa. Halina maana kwamba kesho tutatunga programu kwa Kiswahili tupu. Lina maana kwamba aliyelifunga dirisha hilo hakuwa mashine. Walikuwa mabwana fulani katika chumba fulani huko Philadelphia.

Nimeliacha kwa makusudi hadi sasa lile lililowagusa zaidi wanafunzi. Katika kituo cha Langley, jimbo la Virginia, taasisi ya serikali ya Marekani ya elimu ya ndege nayo iliajiri wanawake kuwa kompyuta, na kuanzia mwaka 1943 ikawachukua pia wanawake weusi. Hao iliwatenga katika jengo lao upande wa magharibi, na mezani kwa chakula iliwawekea kibao kilichoonyesha mahali pa watu wa rangi. Dorothy Vaughan alikuwa mwalimu wa hisabati katika shule ya weusi. Aliacha ualimu kwa sababu Langley ililipa zaidi ya maradufu. Alianza kukiongoza kikundi hicho mwaka 1949. Baada ya mashine za umeme kufika, alitambua mapema kwamba siku za kompyuta mwenye kalamu zinahesabika. Hakungoja kuambiwa. Alijifunza Fortran, lugha ya programu iliyotoka mwaka 1957, akawafundisha na wenzake. Kikundi kilipovunjwa mwaka 1958 alihamia idara ya mashine, na wengi aliowafundisha wakapata mahali. Yeye mwenyewe hakupewa tena cheo cha uongozi hadi alipostaafu mwaka 1971.

Katherine Johnson, ambaye naye alitoka katika ualimu, aliingia hapo mwaka 1953. John Glenn alipokuwa anajitayarisha kuizunguka dunia katika chombo cha angani, njia ya chombo ilikokotolewa na mashine. Glenn hakuiamini mashine peke yake. Alitaka Bibi Johnson azikokotoe tarakimu zilezile kwa mkono, zikilingana, atapanda. Zililingana. Tarehe 20 Februari 1962 alirushwa kutoka Florida, akaizunguka dunia mara tatu. Hapa historia hiyo inapita juu ya paa za nyumba zetu, kwa kuwa chombo hicho kilivuka Afrika kutoka Kano kwenda Unguja, na Unguja palikuwa na kituo cha Wamarekani cha kupokea habari za chombo na kuzungumza na aliyemo ndani. Kituo hicho kiliondolewa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi, nayo ni habari nyingine yenye siasa yake. Lakini siku ile, tarakimu alizozithibitisha mwanamke mweusi kwa mashine ya mezani huko Virginia ndizo zilizokieleza chombo kitapita wapi juu ya minazi ya Unguja. Darasa lilikuwa kimya kabisa.

Ndipo msichana mmoja akauliza: "Mama, katika ofisi yenu, wanaotunga programu wanawake ni wangapi?" Mama akainua kidole kimoja.

Swali hilo linahitaji historia yake. Katika Uingereza, baada ya vita, wanawake ndio waliokuwa wakiendesha kompyuta za ofisi za serikali, na kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya makarani. Wakubwa walipotambua kwamba mwenye mashine ndiye atakayekuwa na nguvu, walianza kutafuta vijana wa kiume wa kuipewa, na mara nyingine waliwataka wanawake hao wawafundishe watu ambao baadaye wangekuwa mabosi wao. Marekani, kati ya waliohitimu shahada ya elimu ya kompyuta mwaka 1984, wanawake walikuwa karibu 37 katika 100. Robo karne baadaye walikuwa karibu 18. Wako wanaoeleza kwamba kompyuta ndogo za nyumbani, zilipoanza kuuzwa katika miaka ya 1980, zilitangazwa kama vitu vya wavulana, na kwamba wasichana wakafika vyuoni wakiwa nyuma. Mimi sina mizani ya kulipima hilo. Ninachokiona ni chumba cha kompyuta cha shule zetu, ambamo mashine moja hukaliwa na wanafunzi watatu au wanne: aliyeshika kibodi ni mvulana, na anayeandika maelezo daftarini ni msichana. Hakuna aliyeamrisha iwe hivyo. Wala wengi wetu hatuamrishi iwe vingine.

Swali la mwisho lilikuwa gumu zaidi. Kijana wa nyuma aliuliza kwamba, ikiwa kompyuta hii ilimwondoa kompyuta huyu, na leo kuna programu zinazoweza kutunga programu, yeye kuna haja gani ya kujifunza kazi ambayo pengine haitakuwapo? Mama hakumdanganya. Alimwambia kwamba anaiogopa siku hiyo hata yeye. Akakumbusha kwamba serikali zimewahi kujaribu kuizuia mashine: Tanzania ilipiga marufuku uagizaji wa kompyuta mwaka 1974, kwa sababu ya gharama na usumbufu wa zile za kwanza, na ilichukua miaka mingi kuilegeza amri hiyo, huku kwetu Makerere ilianzisha taasisi yake ya elimu ya kompyuta mwaka 1985, katika siku ambazo nchi haikuwa hata na amani. Akasema kwamba kati ya kompyuta wa zamani wako waliohamia upande wa mashine, kama Vaughan na wenzake, na wako walioambiwa tu kwamba kazi imekwisha, ambao majina yao hakuna aliyeyaandika.

Wiki iliyofuata niliwapa wanafunzi zoezi la tafsiri: tangazo fupi la kazi nililolitunga mwenyewe kwa Kiingereza, kwa namna ya yale ya mwaka 1942, lisemalo kwamba kompyuta wanatafutwa, wenye shahada ya hisabati. Katika Kiingereza hakuna lolote linalomlazimisha mtu kuchagua. Katika Kiswahili hapana budi kuamua kabla ya kuandika herufi ya kwanza ya kitenzi. Baadhi yao waliandika zinatafutwa, wakasita, wakafuta, wakaandika wanatafutwa. Alama za ufutio bado zinaonekana katika madaftari.